Pampu ya Boti Imenyamaza: Fuata Umeme, Kisha Fuata Maji

(MUZIKI WA KIPINDI. UNAPANDA, KISHA UNASHUKA TARATIBU.)

MTANGAZAJI: Karibu tena katika kipindi chetu, popote ulipo, kambini Nyarugusu, Kyangwali, Nakivale au Kakuma. Kama umekaa na jirani, mwambie asogee. Kama kuna kijana anayetengeneza redio na simu pale sokoni, mwite naye, maana leo tuna kazi yake.

Tumepokea barua kutoka kwa mama mmoja aliye Nyarugusu. Tuisome kwanza.

SAUTI YA PILI: "Ndugu watangazaji, nawasalimu. Mimi nilivuka ziwa pamoja na watoto wangu wadogo, lakini kijana wangu mkubwa alibaki ng'ambo. Anafanya kazi ya ubaharia kwenye boti la mbao linalobeba watu na mizigo katika Ziwa Tanganyika. Juzi amenipigia simu, akaniambia pampu inayotoa maji ndani ya boti imekufa, na nahodha amesema watasafiri hivyo hivyo. Akikataa safari, wanachukua mwingine. Usingizi umenipotea. Je, pampu kama hiyo inaweza kutengenezwa na mtu asiye fundi? Nimwambie nini?"

MTANGAZAJI: Mama, barua yako tumeisoma. Tutakujibu kwa namna ambayo unaweza kuyakumbuka maneno haya na kumpa kijana wako kwa simu, hata kama una salio la dakika chache. Na wewe msikilizaji mwingine, usiseme "mimi sina boti." Wengi wenu mlivuka ziwa, na siku ya kurudi nyumbani wengine mtavuka tena. Isitoshe, namna ya kutafuta ubovu tutakayoeleza leo ndiyo ile ile ya sola yako na redio yako.

(MUZIKI MFUPI.)

SEHEMU YA KWANZA: KWA NINI MAJI YA CHINI YA BOTI NI HATARI

MTANGAZAJI: Kila boti la mbao huingiza maji. Mengine ni ya mvua, mengine ni ya mawimbi yanayorukia ndani, mengine hupenya katikati ya mbao. Yote hushuka mpaka mahali pa chini kabisa, chini ya mbao za kukanyagia. Mabaharia wa pwani hupaita mahali hapo ngama. Pampu hukaa hapo. Ni chombo kidogo, mara nyingi hakizidi ukubwa wa kopo la maziwa ya unga, kinachotumia betri ya volti 12. Ndani yake mna mota inayozungusha mapanga madogo, na mapanga hayo husukuma maji kupitia mpira mpaka nje ya boti.

Sasa fanya hesabu pamoja nami. Chukua boti ambalo sakafu yake ina urefu wa mita 6 na upana wa mita 1. Maji yakifika kina cha sentimita 10 tu, hayafiki hata katikati ya muundi wako, tayari boti limebeba lita 600. Hizo ni kilo 600. Ni sawa na abiria kumi wazima walioingia bila nauli.

Tena abiria hawa hawatulii. Boti likiinama kushoto, maji yote hukimbilia kushoto. Likiinama kulia, yote hukimbilia kulia. Kila wimbi linapolisukuma boti, maji ya ndani huongeza nguvu upande ule ule. Ndiyo maana boti lenye maji mengi ndani linaweza kupinduka kabla halijajaa. Wengi hudhani boti huzama likishajaa. Mara nyingi hupinduka kwanza.

(MUZIKI MFUPI.)

SEHEMU YA PILI: MKIWA MAJINI, PAMPU BAADAYE

MTANGAZAJI: Kabla ya kufungua waya hata mmoja, sikiliza hili. Kama boti liko katikati ya ziwa na pampu imenyamaza, kazi ya kwanza si kuitengeneza. Kazi ya kwanza ni kutoa maji kwa mkono.

Chukua ndoo, au dumu lililokatwa mdomo. Lifunge kamba, na kamba uifunge botini, kwa sababu kopo likianguka ziwani usiku hamtaliona tena. Watu wawili wapokezane. Abiria wakae chini, pale pale walipo. Mtu asisimame, na watu wasihamie upande mmoja kutazama. Nahodha apunguze mwendo na aelekee ufuko ulio karibu, hata kama si ule uliokusudiwa. Na mtu mmoja atafute maji yanaingilia wapi. Tundu likionekana, lizibwe kwa kitambaa, kipande cha godoro, hata shati, na mtu alishikilie.

Jambo la pili: nusa. Boti nyingi za ziwani hutumia mashine ya petroli, na petroli ikimwagika, mvuke wake ni mzito kuliko hewa. Hushuka chini, pale pale ilipo pampu. Ukisikia harufu ya petroli chini ya sakafu, usiguse swichi, usiunganishe waya, usiwashe kiberiti wala sigara. Cheche moja inatosha. Funua mbao, upepo upite, kausha kwa kitambaa mpaka harufu iishe, kwanza ufike nchi kavu.

Yanayofuata sasa ni ya ufukweni, boti likiwa limefungwa.

(MUZIKI MFUPI.)

SEHEMU YA TATU: PAMPU IKO KIMYA KABISA

MTANGAZAJI: Washa swichi ya pampu, kisha tega sikio. Hapo utapata moja kati ya majibu matatu. Ama pampu iko kimya kabisa. Ama inalia lakini maji hayatoki. Ama inatoa maji lakini haimalizi. Mama, muulize kijana wako swali hilo kwanza: "Inalia, au hailii?" Jibu lake ndilo litakaloonyesha njia.

Kama iko kimya, fuata umeme. Anzia kwenye betri, tembea na waya hatua kwa hatua mpaka kwenye pampu. Usiruke hatua.

Kwanza, betri. Chukua mita ya kupimia umeme, ile anayotumia fundi redio. Betri ya volti 12 iliyojaa na kupumzika husoma karibu 12.6. Ikisoma chini ya 12, imekaribia kuisha. Ichaji kwanza ndipo uilaumu pampu. Kama huna mita, chukua balbu ya volti 12, ile ya taa ya pikipiki, uiguse kwenye betri. Ikiwaka hafifu, umeshapata jibu.

Pili, vichwa vya betri. Tazama kama vimelegea au vimeota ukungu wa kijani au mweupe. Vifungue, vikwangue mpaka ving'ae, vikaze tena. Pampu nyingi zinazosemwa zimekufa hufufukia hapa.

Tatu, fyuzi. Iko kwenye waya wa chanya, karibu na betri. Ikiwa imeungua, weka nyingine ya ukubwa ule ule ulioandikwa kwenye pampu. Usiweke msumari, usiweke karatasi ya sigara, usiweke kipande cha waya. Fyuzi huungua ili waya usiungue, na waya ukiungua, boti la mbao linashika moto mkiwa katikati ya maji. Na kama fyuzi mpya nayo imeungua papo hapo, usiweke ya tatu. Kuna jambo: ama mapanga yamekwama, ama nyaya mbili zimegusana mahali fulani.

Nne, maungio. Mahali nyaya mbili zimesokotwa na kufungwa kwa plasta, tena karibu na maji, ndipo umeme hupotelea. Fungua, kata sehemu iliyooza, kwangua, unganisha upya, na uinue ungio hilo juu, mbali na maji.

Tano, swichi na boya. Pampu nyingi zina swichi yenye nafasi mbili za kuwasha: kuwasha kwa mkono, na kujiwasha yenyewe. Inayojiwasha hutegemea boya dogo lililo kando ya pampu. Maji yakipanda, boya hupanda, pampu huwaka, yakishuka, huzima. Inua boya hilo kwa kidole. Pampu ikiwaka, boya ni zima. Huenda lilikwama kwa uchafu au mafuta, lisafishe. Kama pampu haiwaki kwa boya lakini inawaka kwa mkono, basi pampu ni nzima na kibovu ni boya au waya wake. Usinunue pampu mpya. Itumie kwa mkono huku ukitafuta boya, lakini mtu mmoja apewe kazi ya kutazama maji, safari nzima.

Sita, jaribio la mwisho. Itoe pampu, iweke ndani ya ndoo ya maji, ipelekee umeme moja kwa moja kutoka kwenye betri, chanya kwa chanya na hasi kwa hasi, ukipitisha kwenye fyuzi. Ikizunguka, ubovu uko njiani, si kwenye pampu. Rudi ukafuate tena. Kama bado iko kimya, toa chujio lake la chini na uyazungushe mapanga kwa kidole baada ya kutenga umeme. Huenda uzi wa nyavu umejizungusha pale. Kama mapanga ni huru na umeme unafika, lakini haizunguki, hapo ndipo unaweza kusema: mota imekufa.

(MUZIKI MFUPI.)

SEHEMU YA NNE: INALIA LAKINI MAJI HAYATOKI

MTANGAZAJI: Jibu la pili. Pampu inalia, lakini nje hakuna kitu, au yanatoka matone. Hapo umeme umefika. Usiufuate tena. Sasa fuata maji, kutoka chini ya pampu mpaka nje ya boti.

Anzia kwenye chujio. Boti linalobeba samaki lina magamba, dagaa, nyuzi za nyavu, mifuko ya plastiki na punje za mahindi. Vyote hivyo huishia kwenye chujio. Lisafishe, na ngama yote isafishwe, vinginevyo kesho utarudi pale pale.

Tazama mapanga. Yakivunjika au yakichomoka kwenye mhimili wake, mota italia vizuri lakini hakuna kinachosukuma.

Tazama nyaya. Kama mtu aliitengeneza jana na tangu hapo haitoi maji vizuri, huenda chanya na hasi zimebadilishana. Mapanga yanazunguka kinyumenyume. Pampu inalia kama kawaida, lakini nguvu ya kusukuma haipo. Zibadilishe, ujaribu tena.

Tazama mpira. Umekunjika? Umetoboka, ukawa unayarudisha maji ndani? Umebonyea mahali pakakaa hewa? Pampu ya aina hii haiwezi kuvuta hewa. Mpira unatakiwa upande moja kwa moja kuelekea nje, usishuke na kupanda tena njiani. Na mdomo wa nje nao uutazame, wadudu na matope hupenda kuuziba.

Halafu kuna ubovu usioonekana kwa macho: waya mwembamba. Pampu ikiwa mbali na betri, na waya ukiwa mwembamba kama wa spika, umeme huchoka njiani. Pampu inalia kwa unyonge na maji yanatoka kidogo. Weka waya mnene zaidi.

(MUZIKI MFUPI.)

SEHEMU YA TANO: INATOA MAJI LAKINI HAIMALIZI

MTANGAZAJI: Jibu la tatu ndilo tunaloliogopa zaidi, kwa sababu pampu ikifanya kazi watu hustarehe. Inalia, inatoa, lakini maji hayaishi. Ama yanarudi, ama yanaingia mapya.

Yanaweza kurudi kupitia mpira wenyewe. Kama mdomo wa nje uko karibu na usawa wa ziwa, boti likibeba mzigo mzito mdomo huo huzama. Pampu ikizimwa, ziwa huingia kwa njia ile ile maji yaliyotokea. Dawa yake ni kuuinua mdomo juu, na kuupitisha mpira mahali pa juu zaidi kabla haujatoka.

Kama hayarudi, basi yanaingia. Chukua chaki, chora mstari pale maji yalipofika ndani, zima pampu, subiri robo saa boti likiwa limefungwa, kisha tazama tena. Fanya hivyo boti likiwa tupu, kisha likiwa na mzigo. Kama linavuja tu likiwa na mzigo, mbao za juu ndizo zenye nafasi. Kama linavuja tu mashine ya ndani inapozunguka, tazama pale mhimili wa panga la boti unapotokea nje. Na kama boti lilikaa juani ufukweni wiki nyingi, mbao zimesinyaa. Litavuja sana siku za mwanzo mpaka mbao zivimbe. Boti kama hilo likae majini likiwa tupu kwanza, lisibebe watu siku hiyo hiyo. Penye nafasi kati ya mbao, fundi apige kalafati upya, yaani ashindilie pamba yenye mafuta.

Fanya hesabu nyingine. Tundu la upana wa sentimita 2.5, kama kizibo cha chupa ya soda, likiwa sentimita 30 chini ya usawa wa maji, huingiza lita 40 hivi kwa dakika. Ni ndoo mbili kubwa kila dakika. Mtu mwenye nguvu akitupa ndoo ya lita 10 mara nne kwa dakika, ndipo anapolingana nalo. Ataweza dakika ngapi? Pampu hununua muda wa kufika ufukweni. Tundu linabaki tundu mpaka lizibwe.

(MUZIKI MFUPI.)

SEHEMU YA SITA: KWAKO MAMA, NA KWENU MTAKAOSAFIRI

MTANGAZAJI: Mama, uliuliza kama mtu asiye fundi anaweza. Kwa sehemu kubwa, ndiyo. Betri, vichwa vyake, fyuzi, maungio, boya, chujio na mpira: vitu hivyo saba havihitaji fundi. Vinahitaji kisu, kitambaa, balbu ndogo na saa moja ya utulivu. Mwambie kijana wako afanye kazi hiyo jioni, kabla ya safari, bila kusubiri kuambiwa. Nahodha anayekataa kupoteza siku ya kazi huenda asikatae pampu iliyokwisha kutengenezwa.

Uliuliza pia umwambie nini. Redio haiwezi kumlisha kijana wako akifukuzwa kazi, na hatutajifanya hatujui njaa ni nini. Lakini kuna mambo mawili ambayo hata pale anapolazimika kusafiri anaweza kuyashikilia. Ndoo mbili zilizofungwa kamba ziwe ndani ya boti, na mzigo upunguzwe. Boti lililopunguziwa mzigo huelea juu zaidi, na lina nafasi ya kubeba maji kidogo bila kupinduka. Na kuna safari moja ya kukataa bila kujali nani atachukua nafasi yake: ile ambayo mstari wa chaki unapanda wakati boti bado limefungwa, na pampu haifanyi kazi. Boti linalojaa likiwa limetulia halitaacha kujaa likipigwa na mawimbi. Hasa miezi ya kiangazi, kati ya Mei na Agosti, upepo wa kusini unapovuma kwa nguvu juu ya ziwa lile refu. Ziwa Tanganyika lina kina kinachofika karibu mita 1,470. Hakuna mahali pa kusimama.

Nawe msikilizaji, siku ukipanda boti, usione haya. Tazama chini ya mbao: maji yako wapi? Uliza: "Nahodha, pampu inafanya kazi? Tafadhali iwashe tuisikie." Uliza ndoo iko wapi. Uliza makoti ya kuokolea maisha yako wapi, na uvae lako tangu ufukweni, siyo baadaye. Nahodha mzuri hachukii maswali hayo. Mama akiuliza, na mzee akiuliza, na kijana akiuliza, itakuwa desturi.

Na wewe fundi wa sokoni, na wewe mama mwenye sola inayozima usiku, umeona? Betri, vichwa vya betri, fyuzi, maungio, swichi, kisha kifaa chenyewe. Njia ni ile ile. Watu wengi hutupa kifaa kizima kwa sababu ya waya uliooza wenye urefu wa kidole.

Kwa ufupi, ili mkumbuke:

Mkiwa majini, toeni maji kwa mkono kwanza.
Mkisikia harufu ya petroli, msiguse umeme.
Pampu ikiwa kimya, fuata umeme kutoka betri mpaka pampu.
Ikilia bila kutoa, fuata maji kutoka chujio mpaka nje.
Ikitoa bila kumaliza, tafuta maji yanakoingilia.
Na ndoo yenye kamba isikosekane, hata pampu ikiwa mpya.

Mama, mpigie kijana wako leo jioni. Mwulize: "Inalia, au hailii?" Anzieni hapo. Na akikujibu, tuandikie, tunataka kusikia alifika.

Hadi wiki ijayo, msikilizaji, kaa salama. Kwaheri.

(MUZIKI WA KIPINDI. UNAPANDA MPAKA MWISHO.)